Nyonga Yangu Si Sakafu

Mwenyekiti wa jumuiya ameniomba niseme kidogo, niwatie moyo wenye wagonjwa nyumbani. Nitawatia moyo. Lakini sitasema kwa upole, maana jambo hili linaniuma mpaka leo, na ninyi mnanijua, mimi Holo, mama Limi, nikiudhika sijui kuficha. Aliyekuja kusikia maneno matamu asubiri kwaya.

Nilikuwa mwanamke wa nguvu. Wakati huo Simiyu haijawa mkoa, tuko Shinyanga bado, na hapa Somanda nyumba zilikuwa za kuhesabu. Umri wangu hamsini kasoro. Nalima pamba, nalima mahindi, mpunga kidogo bondeni, na ndoo ya maji naitua mwenyewe bila kushikiwa. Hospitali niliijua kwa kujifungulia tu.

Mume wangu, Masanja, alikuwa fundi ujenzi. Lazima niwaeleze ufundi wake, bila hivyo hamtanielewa. Miaka ya nyuma simenti ilipatikana kwa kibali, na kibali kilikuwa cha wakubwa. Fundi wa kawaida alijengea udongo. Ruksa ya biashara huria ilipokuja, maduka yakajaa mifuko, na kila aliyeuza pamba akataka sakafu. Masanja akawa mtu. Na kwa sakafu zake alikuwa mkali kweli. Akishamaliza, anatandaza magunia, anayalowesha asubuhi na jioni, na hakuna kiumbe kukanyaga. Kuku akipita anamrushia jiwe. Zege la kubeba mzigo aliliacha siku ishirini na nane, hapunguzi hata moja. Watu walimsifu kwa hilo, maana sakafu zake hazikupasuka.

Sasa nikavunjika. Ruksa hiyohiyo ilituletea wanunuzi binafsi wa pamba. Zamani tulipeleka chama cha msingi, pale palikuwa na fremu ya chuma ya kuning'iniza robota, lile gunia kubwa la pamba, mtu anaingia ndani anashindilia kwa miguu. Huyu binafsi alikuja na haraka zake, akasimika miti mibichi miwili na wa kulalia juu, akasema twendeni kazi. Vijana walikuwa wamechoka, nikaingia mimi. Nilikuwa nimefika juu kabisa, nimeshika ule mti wa kulalia, ukateleza. Nikaanguka upande wa kulia juu ya ardhi kavu, mguu chini yangu. Nilisikia kitu kimekatika ndani. Nilipotazama, mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko wa kushoto, na kidole gumba kinaangalia nje. Mnunuzi alipakia pamba yake akaondoka. Sijamwona tena, na bora nisimwone.

Bariadi walinilaza, wakaning'iniza uzito mguuni. Maumivu yale siyatii chumvi. Kila nikitaka choo ni kilio. Siku ya kumi daktari akasema mfupa wa paja umekatika shingoni, palepale unapoingia kwenye nyonga, na kwamba mfupa ukikatika pale damu haifiki vizuri, hauungi. Akaniandikia rufaa ya Mwanza. Kule kulikuwa na hospitali ya binafsi iliyokuwa mpya, na daktari wa mifupa aliyekuja pale siku mbili kwa wiki, maana siku nyingine yuko kwa mwajiri wake mwingine. Wakati ule wengi waliishi hivyo, mguu mmoja huku, mmoja kule.

Daktari akaja kitandani, akatazama picha, akatazama mguu. Mimi alinitazama kama mtu anavyotazama mlango anaotaka kuurekebisha. Kisha akamwita Masanja kwenye korido. Mimi niko pale, akili zangu zote kichwani, mguu ni wangu, na nyonga ni yangu, na anaitwa Masanja! Nikawaona kupitia mlango, daktari anaongea, Masanja anakuna kichwa, kisha anatia saini. Akarudi anatabasamu. Akaniambia, "Ni kazi ndogo, mama Limi. Wanatoa kichwa cha mfupa, wanaweka cha chuma, wanakigandisha." Nikamuuliza kama kuna hatari. Akasema hakuna. Nikamwamini, mjinga mimi.

Wakanichoma sindano ya mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini sikuwa na habari, lakini juu nilikuwa macho. Nilisikia msumeno. Nilisikia nyundo, nikatingishika mpaka meno. Halafu nikasikia harufu kali, kama ya rangi ya kucha, na daktari anasema changanya, changanya haraka. Mtu mmoja akahesabu dakika kwa sauti. Daktari akasema, "Tunaweka sasa." Muda mfupi tu, kifua kikabana. Kichwa kikawa chepesi, sauti zikaenda mbali, nikataka kutapika. Yule aliyekaa kichwani kwangu akaniwekea kitu cha hewa puani, akasema presha inashuka, inashuka, leteni dawa. Akaniambia, "Mama, pumua. Usilale." Nikapumua. Nilipumua kwa hofu ambayo sijawahi kuwa nayo hata katika uzazi. Na kilichoniuma zaidi ya kifua ni kwamba niliona pale mezani kwamba wote walikuwa wanalisubiri jambo lile. Dawa ilikuwa tayari kwenye sindano. Walijua. Ni mimi peke yangu nisiyejua.

Presha ikarudi. Nikashonwa, nikarudishwa wodini, nikalala.

Kesho yake asubuhi akaja muuguzi mmoja mfupi, Msukuma wa Magu, na fremu ya kutembelea. Akaniamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu. Amka mama, tutembee." Nikadhani ananitania. Akasema hapana, simenti ya mfupa si ya kusubiri, imeshakuwa ngumu pale pale mezani kabla hata hawajashona, na faida yake ndiyo hiyo, unasimama kesho yake. Akanishika kiunoni. Nikaweka mguu chini. Jamani! Kidonda kiliuma, nyama ziliuma, lakini ule mfupa, yale maumivu ya kukatika, hayapo. Nilipiga hatua sita. Nililia kwa furaha mbele ya wodi nzima, wala sikuona aibu.

Ndipo Masanja alipoingia na chupa ya chai.

Aliitua chupa chini, akaja mbio, akanikumbatia kama mtu anayedaka mtungi, akanirudisha kitandani. Akamwambia yule dada kwamba anataka kuniua. Dada akamweleza aliyonieleza mimi. Masanja akasema alimuuliza daktari mwenyewe kwenye korido, na daktari akamwambia kitu kile ni unga unachanganywa na maji yake, kinakuwa kigumu. Alikuwa amemuuliza mchanga unawekwa kiasi gani, daktari akacheka, akasema hii haina mchanga, mzee, akaangalia saa, akaondoka. Basi. Hayo ndiyo maelezo ya mguu wangu. Masanja akamwambia muuguzi, "Wewe ni muuguzi, nakuheshimu. Mimi ni fundi. Kitu cha unga na maji hakibebi mzigo wiki ya kwanza."

Dada akaenda kumtafuta daktari. Daktari siku hiyo yuko kwa mwajiri mwingine. Hata alipokuja, alipita kitandani, akatazama kidonda, akaandika, akaenda. Nilimwita. Nilisema, "Daktari, natembea au sitembei?" Alijibu akiwa mlangoni kwamba nitembee, bila shaka. Masanja alisema ndiyo, baadaye. Siku ya tano Masanja aliomba turudi nyumbani, na wakaturuhusu, na barua ya Kiingereza ambayo hakuna aliyetusomea.

Mtaniuliza, wewe Holo mwenye mdomo, kwa nini ulikubali? Mimi mwenyewe najiuliza, na jibu linanikasirisha. Nilikubali kwa sababu niliogopa. Kifua kilivyobana pale mezani, nikasema moyoni kitu hiki ni cha hatari, na katika watu ninaowajua, anayeijua simenti ni nani kama si Masanja? Miaka yote nimemwona akifukuza kuku, na sakafu hazikupasuka. Nikajilaza.

Nyumbani akanipanga. Akaweka mfuko wa mchanga huku na mfuko wa mchanga huku, mguu usicheze. Akachora mistari ishirini na nane ukutani kwa mkaa, akakata mitano ya hospitali, kisha kila asubuhi anakata mmoja. Halafu, sikilizeni vizuri, asubuhi na jioni alilowesha kitambaa, akanifunika nacho nyonga, juu ya kidonda kabisa. Anasema bila maji itapasuka. Na majirani wanakuja, wanamwona Masanja na beseni lake, wanasema mume gani huyu, mwanamke umebahatika. Nami nimelala pale nimelowa kama gunia lake, natabasamu.

Kidonda kikaanza kutoa maji ya njano. Ngozi ya matakoni ikachunika, kidonda kingine. Paja, lile paja langu la kushindilia pamba, likayeyuka nikiliangalia, ngozi imelegea. Wiki ya tatu shavu la mguu likavimba, likawa la moto, gumu, ukiligusa napiga kelele. Masanja akasema ni uchovu wa kulala. Mimi nikajua kwamba sasa ninakufa, au sitatembea tena maishani, na nimelala kwenye sakafu nzuri kuliko zote za Somanda.

Aliyeniokoa ni binti yangu Limi, aliyeolewa Nassa. Alikuja kunitazama. Akafunua kitambaa, akanusa, akafunika. Kesho yake alipanda gari mpaka Mwanza, akamtafuta yule muuguzi mfupi, akamweleza yote. Alirudi na maagizo mawili, kwamba nirudishwe hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya uvimbe, na kwamba kitambaa kile kichomwe. Na alirudi na kitu kimefungwa kwenye karatasi. Daktari akiweka ile simenti, muuguzi alimwambia, hubakiza donge mkononi, analibonyezabonyeza ajue lini imeshika. Donge langu lilikuwa limebaki kwenye kikopo, dada amelitunza kuwaonyesha wanafunzi wake. Jeupe, kama nusu ya yai, na alama za vidole vya daktari juu yake.

Limi akampa baba yake. Akamwambia muuguzi anasema lilikuwa gumu hivyo kabla mayu hajatoka mezani.

Masanja akaligeuzageuza. Akaligonga kwa kucha. Akatoka nje akarudi na nyundo, akaliweka kwenye kizingiti, akalipiga. Halikuvunjika. Akasema, "Lina wiki tatu hili. Hata la kwangu lingekuwa gumu."

Hapo ndipo hasira yote niliyoimeza ilinipanda. Nikamwambia, "Baba Limi, hilo donge na hili lililo ndani yangu vimetoka karai moja. Umri ni mmoja. Kama hilo limekomaa, na langu limekomaa. Sasa unanimwagilia nini?"

Alinitazama. Akaangalia ukuta, mistari saba imebaki. Fundi ni fundi, hoja ya karai moja hakuwa na pa kuikwepea. Akaweka nyundo chini taratibu. Akaniambia kile alichonificha siku ile ya korido. Daktari alimwambia kwamba ile simenti ikisukumwa ndani ya mfupa, presha inaweza kuanguka ghafla, mafuta ya mfupa na hewa yanaweza kwenda mapafuni, na kuna watu moyo husimama palepale. Alitia saini akijua. Na kwa sababu aliogopa hivyo, akaona hata nikishapona mezani, kosa dogo tu litaniua, na kosa ambalo yeye analijua kulizuia ni la kukanyaga mapema. "Nilitaka nisikupoteze," akasema. Akalia. Nami sikumbembeleza, nawaambia ukweli. Nilimwambia atafute gari.

Mwanza wakakuta damu imeganda kwenye mshipa wa mguu. Nikachomwa sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda zaidi, nikameza vidonge, nikafunguliwa kidonda kikasafishwa. Kwa rehema ya Mungu uchafu ulikuwa juu juu, haukufika kwenye chuma. Ungefika, wangeng'oa kila kitu, na ningebaki na mguu unaoning'inia.

Daktari alipokuja safari hii, nilimshika mkono wa koti. Sikumwachia. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mimi. Akasema alidhani nitaogopa nikatae. Nikamwambia, "Ningeogopa, ndiyo. Na ningekubali, maana sikutaka kufa nimening'inizwa mguu. Lakini ningejua. Ulimwambia mtu asiye na nyonga hii, na ona alivyofanya." Alivuta kiti akakaa. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona amekaa. Akanieleza kila kitu. Kwamba kwa mfupa uliochoka simenti hukishika chuma papo hapo, ndiyo maana mtu anasimama kesho yake, anaepuka vidonda vya kulala na damu kuganda na mapafu kujaa, vitu vinavyoua watu wa nyonga kuliko kisu chenyewe. Kwamba hatari kubwa ni zile dakika za kuiweka. Kwamba miaka ikienda inaweza kuachia, na kuing'oa ni kazi ngumu. Na kwamba viko viungo vingine visivyo na simenti, ambavyo mfupa wenyewe lazima uviotee, na huko ndiko mara nyingine mtu huambiwa asiukanyagie mguu kwa wiki kadhaa.

Nikacheka kwa uchungu. Kumbe Masanja alikuwa na utaratibu sahihi wa mguu wa mtu mwingine.

Kuanza kutembea baada ya hapo ilikuwa shida tupu. Zile hatua sita za siku ya pili nilizitafuta miezi miwili. Paja halina nyama, goti linakataa, kidonda cha matakoni hakikubali kukaa wala kulala. Masanja alinishika kiunoni kila asubuhi kutoka mlangoni mpaka barabarani, na mimi namgombeza njia nzima. Nilitembea. Msimu uliofuata nilipalilia pamba yangu mwenyewe. Nimetembea na nyonga ile miaka zaidi ya ishirini, nimezika wazazi nayo, nimewabeba wajukuu nayo.

Wabeja sana, asante, Limi mwanangu. Wabeja yule dada wa Magu popote alipo. Na Mungu ninamshukuru, ingawa na yeye nilimgombeza siku zile.

Ninyi wenye wagonjwa, msimhurumie mgonjwa kwa kumficha. Mkipewa barua msiyoielewa, msitoke mlangoni bila kusomewa. Wakikwambia amka, amka, hata kama nyumba nzima inalia. Na wewe uliyelala, wakimwita mumeo au mwanao nje, piga kelele waingie ndani waongee mbele yako. Usione haya. Wao hawaoni haya kukukata.

Nimebakiza moja. Mmeniona siku hizi nachechemea. Ile simenti imeachia mfupa, imechoka kama nilivyochoka. Mwezi uliopita tulikwenda Mwanza, mimi na Masanja, wazee wawili. Daktari kijana, mtoto mzuri, alitazama picha, akanyanyuka, akamwashiria Masanja watoke nje kidogo.

Masanja hakunyanyuka. Alishika fimbo yake akasema, "Daktari, mwenye mguu huyu hapa."

Kijana akarudi akakaa. Akaniambia kwamba kuing'oa ya zamani mfupa unaweza kuvunjika, damu inaweza kupotea nyingi, presha inaweza kushuka kuliko mara ile, na kwa umri wangu naweza nisirudi. Akaniambia pia kwamba nisipofanya, muda si mrefu nitakuwa mtu wa kitandani. Nilimuuliza maswali mpaka foleni nje ikaanza kunung'unika. Kisha nikachukua kalamu, nikaandika jina langu, herufi kwa herufi.

Naingia Jumatatu. Naogopa sana, ila safari hii ninakijua ninachokiogopa.